Vitanda vya Giza Kwa Bi Tausi

Neema na wenzako, siku mliyoniaga mlinipa kanga, chupa ya chai na saa ya ukutani. Ahsanteni. Saa nimeitundika jikoni, ingawa sijui nawahi wapi tena. Lakini mliniomba na kitu kingine, niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiwatafutia watu wengi nyumba za kulala ufukweni enzi ambazo nyie hamjazaliwa na Mpanda nzima haina simu ya mkononi hata moja. Basi naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa kiasi gani, hayo kaulizeni kwingine. Mimi nitasema ya nyumba, ya mikeka, ya barabara na ya watu. Na nitasema jambo moja langu mwenyewe, maana nimekaa nalo muda mrefu mpaka limenizoea.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo inaanza, na sisi bado tukihesabiwa Rukwa. Nilikuwa binti wa kijiji cha Kakese, nimemaliza darasa la saba na kujifunza ushonaji kidogo kwa masista, nyumbani nina mama peke yake, na macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Mzee Sadala alikuwa na gesti Kashaulili, Mpanda mjini, nyuma ya soko, vyumba vichache na ua mpana wenye kuku. Siku moja treni ikashusha kwaya nzima kutoka Tabora, na ngoma zao, wakaja wote kwake. Akawalaza uani. Waliimba mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Asubuhi mwalimu wa kwaya akamwuliza, "Mzee, ziwa liko mbali? Hawa vijana hawajaona maji makubwa tangu wazaliwe." Mzee Sadala hakuwa mtu wa kuacha swali kama hilo lipite hivi hivi. Wiki ileile aliniajiri.

Siku ya kwanza sikupewa meza. Nilipewa kigoda, nikaambiwa nikakae pale malori ya samaki yanapoegesha. "Leokadia," akasema, "kazi yako ya kwanza ni kujua lori gani linakwenda ziwani na dereva gani hasemi uongo." Malori niliyapata mengi. Dereva wa namna hiyo nilimpata mmoja, Mponda, mtu mfupi, mkimya. Ukimpa ujumbe anaurudia mbele yako kabla hajawasha gari, na akifika huko anausema vilevile ulivyousema, hata kama ulikohoa katikati naye anakohoa. Redio ya misheni ilikuwepo, ila ilikuwa ya wagonjwa na misiba. Huwezi kwenda kumwambia padri kwamba walimu wa shule fulani wanataka nyumba karibu na maji wakaogelee. Kwa hiyo Mponda ndiye alikuwa simu yetu. Barabara ikikatika, ulikuwa unapata jibu la swali ambalo umekwisha kulisahau.

Ujumbe wote ulikwenda kwa mtu mmoja, Bi Tausi. Alikaa kwenye mwalo mdogo kati ya Ikola na Karema, kijiji cha wavuvi wa dagaa, nyumba za tofali na bati zimejipanga mchangani, milango yote inatazama maji. Hoteli hakuna. Alichokuwa nacho Bi Tausi ni majirani na mdomo. Mzee Sadala alinipeleka huko mara moja tu, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi mbuzi, akageuza kurudi mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watu unawaleta lini?"

"Tarehe kumi."

"Tarehe kumi ya nani?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mwanangu, huku hatuna tarehe kumi. Huku tuna mwezi. Kaa chini."

Nikakaa. Ndipo aliponifundisha jambo ambalo ndiyo kazi yetu nzima, mengine ni mapambo. Dagaa huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza, karabai ikiwaka juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unawazoa. Mwezi ukijaa, ziwa lote linang'aa, taa haina kazi tena na dagaa hawana habari nayo. Hapo wavuvi wanaanika nyavu na kwenda makwao kuona wazee wao na watoto. Siku hizo huitwa mbalamwezi, na siku hizo nyumba za mwaloni ni tupu. Ndizo siku za wageni. Giza likirudi, wavuvi wanarudi, na hapo hata paka hapati pa kujinyoosha.

Basi nikawa nahesabu mwezi. Kalenda yetu ya parokia iliwataja watakatifu wote lakini mwezi haikuutaja. Nikawa namvizia maalim wa madrasa, jirani yetu pale gesti, kila akitoka namwuliza, "Maalim, leo mwezi ngapi?" Akisema kumi na nne au kumi na tano, ndipo penyewe. Haikuchukua muda habari zikafika Kakese kwamba Leokadia anasilimu. Mama akaniita nyumbani. Nikamweleza habari za dagaa na taa na mbalamwezi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nimekuuliza dini, wewe unanijibu dagaa."

Kwa Bi Tausi nilijifunza na kamba. Alipima vyumba kwa kamba ya mkonge yenye mafundo, kutoka fundo hadi fundo ni upana wa mkeka mmoja. Hakuuliza chumba kina vitanda vingapi, aliuliza kinalaza mikeka mingapi, na kamba ikimjibu hakuna wa kubishana. Wanaonyonyesha walale nyumba ya karibu na jiko. Wanaokoroma walale nyumba ya mwisho, wakoromeane. Viongozi wa msafara wasilale nyumba moja, maana wataunda kamati. Na kabla ya yote, choo. Siku hizi mteja anawauliza kama kuna mandhari nzuri, na nyie mnamtumia picha. Mandhari haijawahi kumsaidia mtu mwenye tumbo la kuhara. Mwambieni vyoo vilipo kwanza, halafu ndiyo mmwonyeshe machweo.

Tulipokea watu wa kila namna. Akina mama wa kikundi cha kufa na kuzikana waliokuja kupumzika na wakamaliza siku zote wakigombana kuhusu sufuria. Wanafunzi wa chuo waliobeba magodoro na kusahau chumvi. Ukoo mzima wa Wasukuma kutoka Kibaoni, wamevuna mpunga vizuri, mzee wao ameamua wajukuu walione ziwa. Walikuja na ng'ombe wao wa kuchinja, kwa sababu mzee hali nyama ya ng'ombe asiyemfahamu. Wajukuu waliingia majini wakagoma kutoka. Yeye alikaa siku zote kaupa ufukwe mgongo. Nikamwuliza, "Babu, mbona hulitazami ziwa?" Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, maji yote haya na hakuna hata ng'ombe mmoja anayekunywa. Inaniuma." Nilicheka, lakini sasa najua kumbe mtu anaweza kuumizwa na kitu kwa sababu tu kipo mbali na wale anaowapenda.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Mwaka mmoja, nikiwa nimekwisha kuizoea kazi, Agripina, jirani yetu wa Kakese, alichumbiwa na kijana wa kule ziwani. Ndoa ifungwe kanisani kwa bwana harusi, na upande wa bibi harusi waende wote: wazazi, wajomba, mashangazi, kwaya ya jumuiya na wapishi wao. Wakaja kwangu niwatafutie nyumba. Siku ilikuwa imekwisha kupangwa, Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Nikamwuliza maalim. Giza tupu.

"Isogezeni," nikawaambia.

"Tuisogeze wapi?" Huyo alikuwa Shangazi Odilia, dada wa baba yake Agripina, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Mbele Kwaresima, ndoa hakuna. Nyuma matangazo kanisani hayajaisha. Unataka mtoto wetu angoje Pasaka na sisi tumekwisha kulowesha mahindi ya pombe?"

Nikampa Mponda ujumbe kwa Bi Tausi, afanye lolote. Jibu halikurudi, kwa sababu Mponda mwenyewe alikwama kwenye tope huko njiani. Tukaondoka bila jibu. Katika kazi yetu hilo ndilo jambo la kwanza lisilofanywa, na wote tulilijua, na tulipanda lori tukiimba.

Tulifika mchana. Kila nyumba ina watu. Wanaume wamelala chali, milango wazi, miguu nje kwenye kivuli, karabai zimepangwa ukutani. Bibi harusi yuko juu ya magunia, tope mpaka magotini, gauni lake amelikumbatia ndani ya mfuko wa nailoni. Juu ya milima ya Kongo mawingu yanajikusanya. Bi Tausi akatoka, akashika kiuno.

"Leokadia! Umeniletea watu gizani?"

"Mama, Kwaresima imetubana."

"Kwaresima ndiyo itawalaza?"

Agripina akaanza kulia. Shangazi Odilia akaanza kulaumu, na sauti yake ikaamsha nyumba ya kwanza, kisha ya pili. Kwenye nyumba ya tatu akatoka mtu mrefu, shuka begani, macho mekundu kwa usingizi. Huyo alikuwa Bilali, nahodha wa dagaa, mtu wa kusini mwa ziwa, kule Kirando. Akatutazama wote, sufuria, ngoma na bibi harusi.

"Mama Tausi, hawa wanalala saa ngapi?"

"Hee! Binadamu hulala saa ngapi?" Shangazi akadakia. "Usiku!"

"Sisi tunalala mchana," akasema. "Usiku vitanda vinabaki peke yake. Sasa shida iko wapi?"

Watu wakatazamana. Bi Tausi akaanza kucheka, akachukua kamba yake kiunoni, na kazi ikaanza. Jua likizama wavuvi wanatoka na taa zao, sisi tunaingia. Kukicha wanarudi, sisi tunatoka, tunakwenda kushinda uwanja wa kanisa. Anayetoka anafagia na kumwachia mwenzake maji ya kuoga. Hakuna kuhamisha kitu cha mtu. Hakuna kuruka nyavu, ni mkosi. Mashangazi walinung'unika kwamba hawajawahi kulala kitanda chenye joto la mwanamume wasiyemjua, na mmoja akasema yeye hajawahi kulala kitanda chenye joto la yule anayemjua. Kicheko kilichotoka pale ndicho kilichomnyamazisha Agripina.

Mimi nilipewa kitanda cha Bilali, kwa kuwa kilikuwa karibu na mlango na mimi ndiye wa kuamsha wengine. Kilikuwa cha mninga, amekichonga mwenyewe, amekisuka kwa kamba za nyavu kuukuu. Mto ulinuka moshi na mafuta ya taa. Nimelala kwenye vitanda vingi tangu wakati ule, vingine vina magodoro yanayozama mpaka unatafuta njia ya kutoka. Sijalala tena vile.

Kulipopambazuka nilifungua mlango, namkuta amesimama nje, suruali imelowa, ananingoja nitoke. Hakutaka kuingia nikiwa bado ndani.

"Umelalaje?"

"Nimelala vizuri. Na wewe?"

"Mimi ndiyo kwanza naanza."

Tukacheka kama wajinga. Pale mlangoni alikuwa ameweka samaki wawili, migebuka wabichi, wamefungwa kwa jani. Nikamwonyesha ndoo, maji nilikuwa nimeyapasha moto. Asubuhi ya pili akaniambia, "Jana umegeuza mto." Nikasema samahani, najua tulikubaliana hakuna kuhamisha kitu. Akasema, "Sikulalamika. Sasa na mimi nalala upande huo." Asubuhi ya tatu ilikuwa ya kuondoka. Wenzetu wanafunga mizigo, Shangazi Odilia ananiita kwa nguvu zake zote, na mimi nafagia chumba ambacho nilikuwa nimekwisha kukifagia.

Nikarudi Mpanda. Harusi ilifana, nilikaribia kusahau kuwaambia.

Sikilizeni sasa jinsi kazi ilivyonifanyia. Makundi yote huenda ziwani mbalamwezi. Kila mbalamwezi mimi niko mwaloni na kamba, napima, nagawa mikeka, na nyumba ya tatu naifungua kwa mkono wangu mwenyewe. Kitanda kipo, mto upo. Mwenyewe hayupo, kaenda kwao, kwa sababu ni mbalamwezi. Giza likiingia yeye anarudi ziwani, mimi niko Kashaulili nawatafutia watu nyumba za mwezi unaokuja. Kazi yangu ilinipeleka kwake siku zile tu ambazo hayupo. Mtu akinitazama anaona binti mchangamfu wa mapokezi. Ndani nilikuwa natamani mwezi uvunjike.

Mponda ndiye aliyetubeba. Siku moja alirudi na samaki, akazima gari, akasimama mbele yangu kama mtoto anayesoma shairi darasani. "Nahodha Bilali anakusalimu. Anasema: kitanda kipo." Nikamwambia, "Mwambie: nimesikia." Akarudia, "Nimesikia," akaondoka. Basi ikawa hivyo. Kitanda kipo. Nimesikia. Maneno hayo yalipita Mpanda hadi ziwani na kurudi, juu ya dagaa, sijui mara ngapi, na Mponda hakuongeza wala kupunguza. Mara moja tu alikohoa. Nikamwuliza kama kikohozi ni chake au cha nahodha. Akasema cha nahodha. Nililala na wasiwasi juma zima.

Kisha nikagundua kitu. Mwaka uliofuata kundi lingine la harusi likaja kuomba siku zilezile za mwisho kabla ya Majivu. Nikamwuliza maalim: giza. Nikafungua kalenda za nyuma, nikazipeleka kwake tukahesabu pamoja: giza, giza, giza. Maalim akashangaa, mimi nikaenda kumwuliza padri. Padri akasema mbona ni wazi, Pasaka yenyewe hufuata mwezi mpevu, na Kwaresima inahesabiwa kutoka hapo kurudi nyuma. Kwa hiyo ile Jumamosi haina mwaka itakapoangukia mbalamwezi. Padri alidhani nimependa mambo ya liturujia. Nilitoka pale natembea juu juu. Kumbe kila mwaka Kanisa lilinitengea siku tatu za giza, na watu wakiwa mbio kuoana kabla ya majivu, lazima kuna kundi, na kundi lazima lisindikizwe.

Nikawa nalisindikiza mwenyewe. Mzee Sadala alisifu bidii yangu, maana Februari barabara ile hakuna aliyeitaka. Asubuhi tatu kila mwaka, pale mlangoni, Bilali anakuja, mimi natoka. Migebuka na maji ya moto. Nilimpenda. Nimeandika sasa, haifutiki.

Mwaka wa tatu aliniambia, "Mwakani uje na nguo zako zote."

"Bilali, mama yangu haoni. Hana mtu mwingine. Na mimi ni Mkristo."

"Hiki kitanda hakijawahi kukuuliza dini. Na mama mlete. Ziwa atalisikia hata asipoliona."

"Nitakujibu mwakani."

"Sawa," akasema. "Jibu lako ni kuja. Usipokuja, nalo ni jibu. Sitakusumbua."

Mponda alipoleta tena salamu zake nilitaka kumpa jibu lile, nikashindwa. Jambo kama lile huwezi kumpa dereva alirudie mbele ya watu wa stendi. Nikasema tu nimesikia. Nyumbani nilizunguka zunguka miezi, mwisho nikamwambia mama nikiwa namchambulia mchicha. Kisha akasema, "Tangu ulipoanza kumwuliza maalim habari za mwezi, nilijua kuna mtu. Nilikuwa nangoja unitajie jina." Akauliza kama kule ziwani kuna upepo. Nikasema upo. Akasema basi tufungashe, yeye amechoka na joto la Kakese.

Nikashona magauni mawili, langu na lake. Mzee Sadala nilimuaga kwa maneno ya kuzunguka. Kundi la kabla ya Majivu lilikuwepo, nyumba zimeshikwa, Mponda amekubali kutubeba mbele, mama akae kwenye kiti.

Ule ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Nyie mmezisikia, sisi tulizinywa. Madaraja yalikwenda, treni ikasimama, mashamba ya Kakese yakawa bwawa. Siku ya safari mimi na mama tulikuwa pale malori yanapoegesha tangu asubuhi, mama ameshika furushi mapajani na gauni jipya amelivaa. Mponda aliondoka na sisi. Tulifika mahali ambapo jana palikuwa na barabara. Akashuka, akatazama, akaingia maji mpaka kifuani, akarudi. Mama akauliza, "Tumefika? Nasikia maji." Nikalia pale, jamani, nikalia mpaka Mponda akaenda kusimama nyuma ya lori.

Siku tatu zikapita, giza likapita. Ujumbe hauendi, redio ya misheni nilikwenda kuiomba na padri akaniruhusu, lakini upande wa pili haukuitika. Barabara ilipofunguka mvua zikiwa zimekatika kabisa, nilipanda gari la kwanza. Bi Tausi alinipokea mchangani, hakushika kiuno.

"Alikaa mpaka giza likaisha," akaniambia. "Wenzake wakaenda kwao, yeye akabaki. Mbalamwezi ile alikuwa peke yake mwaloni, analala usiku, kama mgeni. Kila asubuhi anafagia. Mwezi ulipopungua akapakia nyavu akaelekea kusini, wanasema hata Zambia atafika. Nilimwambia, Bilali, ni mvua. Akasema, mama, alisema atanijibu, na amenijibu."

"Nimemjibu nini mimi? Barabara ndiyo iliyomjibu!"

"Najua, mwanangu."

Nyumba ya tatu ilikuwa imefagiwa. Kitanda kipo. Mto upo, upande wangu.

Yaliyofuata ni kazi tu, na mengi mnayajua. Mama alifariki bila kulisikia ziwa. Mzee Sadala alifariki, gesti ikauzwa, tukahamia ofisi hiyo yenye viti vya kuzunguka. Simu zikaja, Mponda akastaafu, na ujumbe ukaanza kwenda kabla mtu hajaufikiria. Bi Tausi aliniachia kamba yake, iko kwenye droo ya chini, msiitupe. Wachumba walikuja wawili watatu, watu wazuri, wanalala usiku na kuamka asubuhi kama watu wote. Sikuweza. Kila Februari nilipeleka kundi la kabla ya Majivu mwenyewe, mpaka mkaanza kunitania kwamba Bibi Leokadia anapenda tope. Kila asubuhi nilifungua ule mlango mapema kuliko inavyotakiwa. Walirudi wavuvi wengine, vijana wenye adabu. Shikamoo, mama. Marahaba.

Mwezi uliopita, siku zangu za mwisho kazini, alikuja abiria wa basi kutoka Karema kuulizia gesti. Tukaongea habari za mwaloni. Akasema nyumba za Bi Tausi zimepakwa rangi, na kwamba ya tatu amehamia mzee mmoja, nahodha wa zamani, karudi kutoka kusini. Majini haendi tena, mgongo umekataa. Mchana anashona nyavu za watu, usiku analala. Sikumwuliza jina. Niliogopa angelitaja lingine.

Neema, wenzako hawajui, lakini wewe unakumbuka, kwa sababu wewe ndiye niliyekuja kusimama mbele ya meza yako kama mteja. Nikakwambia nataka mwaloni kwa Bi Tausi, nyumba ya tatu, Ijumaa ile kabla ya Majivu. Ukauliza tupo wangapi. Nikasema mmoja. Ukafungua kalenda yako ya mwezi, ile niliyokufundisha mimi, ukatikisa kichwa.

"Bibi, hizo ni siku za giza," ukasema. "Utakuta kitanda kina mtu."

Nikakwambia andika hivyo hivyo, kitanda chenye mtu.